Mfupa Hutangulia

Nashona viti vya watu, Keko, jirani na mashine za randa.
Sponji naijua kwa kiganja: ya bei, ya kudanganyia,
ile ambayo baada ya Idi mbili inabaki na shimo la mwenyewe.
Na mimi nimekaa. Mwaka wa tisa sasa.
Kwa hiyo msinifundishe kukaa.

Chini ya kiuno LUKU iliisha siku niliyoanguka na ngazi.
Giza, jumla. Hakuna anayenipigia kutoka huko
kusema pameungua, pamebana, pana kokoto.
Habari za huko huniletea mke wangu, Sikudhani,
usiku, tochi ya simu ikiwaka,
kidole chake kikibonyeza palipo pekundu.
Pakigeuka peupe kisha pakarudi, anasema, "Haya, lala."
Pasipogeuka hasemi kitu,
anatafuta mto.

Mwezi wa Machi hakusema kitu siku nne.

Kliniki, Temeke, kijana mmoja, Nambua,
akatandika juu ya kiti mwendo changu kitambaa chenye nyaya,
akanikalisha, akageuza kompyuta nione.
Nikajiona nilivyokaa: shuka la buluu, pindo la kijani,
na katikati makaa mawili, mifupa yangu ya kukalia,
mafiga mawili, la tatu silioni.
"Sasa sukuma," akasema.

Nikasukuma. Makaa yakafifia mbele ya macho yangu.
Nikacheka, nikadhani nimepona.
Mikono ilipofika mwisho wa ringi yakawaka tena,
lakini yamehama, upana wa ukucha.
Yakarudi. Yakahama.

Nambua hakuwa na neno zuri la jambo hilo.
Alisema msuguano, nikamkatalia:
msuguano ni msasa juu ya mninga, vumbi lake unaliona.
Hili ni jingine. Ngozi imeng'ang'ania kitambaa kwa jasho,
mfupa umeshaondoka,
na nyama ya katikati inavutwa huku na huku
kama mtoto wa wazazi walioachana.
Mishipa inapindika humo, damu inakosa njia.
Juu, ngozi safi kabisa. Ungeipiga picha.

Nikapiga hesabu. Kutoka nyumbani hadi kibandani
misukumo mia sita na arobaini,
mia nane siku ya matope.
Mara mbili kwa siku, miaka tisa.
Nami nilikuwa nikijisifu kwamba sisukumwi na mtu.

Basi niache kwenda? Nikae tuli kama sanduku?
Tuli nako makaa hayafifii hata kidogo.
Kukaa kunagandamiza, kwenda kunavuta,
na mimi sina mlango wa tatu.

Nikarudi Keko nikafanya ninalolijua.
Nikaupasua mto. Nyuma nikauchimba kina cha vidole viwili,
nyonga zipate pa kutulia, zisiteleze mbele kila nikisukuma.
Juu nikashona foronya mbili, moja ndani ya nyingine,
satini kwa satini, mabaki ya mapazia ya ukumbi wa harusi:
ziteleze zenyewe kwa zenyewe,
zigombane huko, ngozi ziiache.

Na kila nikifika kwa muuza mihogo nasimamisha magurudumu,
nainama hadi kifua kiguse magoti,
nahesabu mpaka mia.
Watu hudhani nimedondosha sarafu.
Mmoja aliwahi kunisaidia kuitafuta.

Sikudhani bado anawasha tochi. Sijamwahidi kitu.

Leo kaja mteja, kaibonyeza sofa kwa ngumi,
kauliza kama itadumu.
Nikamwambia, ngumi haijui. Kaa.
Akakaa, akatabasamu, akaanza kutaja bei.
Nikamwambia, ngoja. Sasa sogea.